Kazi Iliyoachwa na Mrithi Wake

Kazi ya mikono ya mwanadamu huweza kufa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuvunjika: nyumba huanguka, chombo huzama, kitabu huliwa na mchwa. Namna ya pili ni kuachwa. Kazi iliyoachwa haifi siku ile ile. Husimama mahali pake ikaendelea kutumika, na wanaoitumia wasijue kuwa haina tena mtu wa kuitazama. Siku ufa unapotokea ndipo wote hugeuka kumtafuta fundi, na fundi hayupo. Programu za kompyuta, ambazo watu wengi huzidhania kuwa vitu visivyochakaa kwa kuwa hazina mti wala chuma, mara nyingi hufa kwa namna hii ya pili. Habari ya maktaba ya programu iitwayo PIL, iliyoanzwa mwaka wa 1995, ikanyamaza baada ya mwaka wa 2009, kisha ikarithiwa na watu ambao mwenyewe hakuwateua, ni mfano mwema wa jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kuokolewa. Ni mfano pia wa swali lililo gumu kuliko ufundi wenyewe: kimya cha mwenye kazi huhesabiwa kuwa ruhusa lini, na mrithi asiyeteuliwa apate wapi haki ya kuaminiwa?

Yafaa kwanza kueleza maktaba ya programu ni kitu gani. Aandikaye programu haanzi kila jambo tangu mwanzo. Akitaka programu yake ifungue picha, ipunguze ukubwa wake au igeuze rangi zake, si lazima ajifunze jinsi kila aina ya faili ya picha ilivyopangwa ndani. Huchukua kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine, akaiita kwa jina lake, ikamtumikia. Mkusanyiko wa kazi kama hizo ndio uitwao maktaba. Si nyumba ya kusomea vitabu, bali ni ghala la maarifa ambalo programu nyingine hulikopa kila zinapohitaji. Kwa hiyo maktaba moja yaweza kuwa msingi wa programu nyingi mno, na mwenye kuzitumia programu hizo asijue hata jina la maktaba iliyo chini yake. Msingi mwema hausemwi. Husemwa paa na madirisha.

Lugha ya kompyuta iitwayo Python ilitungwa na Guido van Rossum huko Uholanzi, ikatolewa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Ilikuwa bado changa, na watumiaji wake walikuwa wachache, wakati Fredrik Lundh, mtu wa Uswidi, alipoanza mwaka wa 1995 kuiandikia maktaba ya picha. Jina la PIL ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya maktaba ya picha ya Python. Maktaba hiyo iliweza kusoma na kuandika aina nyingi za picha, kuzikata, kuzizungusha, kuzipunguza na kuziandikia maneno juu yake. Sehemu zake zilizohitaji mbio ziliandikwa kwa lugha ya C, na sehemu zilizokabiliana na mtumiaji ziliandikwa kwa Python, ili mtu wa kawaida azitumie kwa mistari michache. Baadaye haki za kazi hiyo zilishirikiwa na kampuni ya Secret Labs AB ya Uswidi.

Lundh hakuwa mtu wa kazi moja. Ndiye aliyeandika mtambo ambao Python iliutumia kutafuta mifano ya maneno ndani ya maandishi, na ndiye aliyetunga ElementTree, maktaba ya kusoma nyaraka za XML, ambayo iliingizwa katika Python yenyewe mwaka wa 2006. Haya yatajwa ili ieleweke kuwa kimya kilichofuata katika PIL hakikuwa kimya cha mtu mvivu. Kilikuwa kimya cha mtu mmoja aliyekuwa amebeba mengi, katika kazi ambayo watumiaji wake waliongezeka kila mwaka na watunzaji wake hawakuongezeka.

PIL ilitolewa kwa leseni fupi. Leseni hiyo ilimruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa kwa kusudi lolote bila ya malipo, maadamu taarifa ya haki za mwandishi ibaki katika kila nakala, na jina lake lisitumiwe kutangazia bidhaa bila ya idhini yake. Programu za namna hii, ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyageuza, huitwa programu huria. Maneno hayo machache ya leseni ndiyo uti wa mgongo wa habari hii. Yalikuwa kama wasia ulioandikwa na mtu angali hai na mwenye nguvu, asiyewaza kuacha kitu. Aliyatia katika kazi yake siku za furaha, yakaja kufaa siku za dhiki.

Dhiki hiyo ilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ufungashaji. Watu wa Python wana ghala lao kuu katika intaneti, ambako mtu hutoa amri moja tu na maktaba aitakayo ikaja na kujipanga katika kompyuta yake. PIL haikupatana na Setuptools, chombo ambacho wengi walikitumia kwa kazi hiyo. Hivyo maktaba iliyokuwa njema ndani ikawa na mlango mgumu. Mtu aliyetaka kuitumia alihangaika kwanza kuiingiza, na programu iliyoitegemea PIL ilirithi mahangaiko hayo hayo. Tena matoleo yake yalipishana kwa miaka miwili au zaidi, na kasoro zilizoripotiwa na watumiaji zilikuwa nyingi kuliko mwendo huo.

Njia ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2008 ilitolewa Python 3, ambayo kwa makusudi haikupatana na matoleo yaliyoitangulia, kwa kuwa watungaji wake walitaka kusahihisha makosa ya zamani yasiyoweza kusahihishwa kwa upole. Kila maktaba ilipaswa kuandikwa upya mahali pengi, ama sivyo ibaki ng'ambo ya zamani. PIL 1.1.7 ilitolewa mwezi wa Novemba mwaka wa 2009, nayo ilikuwa ya Python ya zamani. Ukurasa wa PIL uliahidi kwamba toleo la Python 3 lingetolewa baadaye. Toleo hilo halikuja, na 1.1.7 ikawa ndilo la mwisho.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kupima mambo kwa mizani ya haki kabla ya kulaumu. Mtu aliyechimba kisima kwa jasho lake akawaachia watu wanywe bure, hana deni la kuwachotea maji maisha yake yote. Lundh alikuwa ametoa. Hakuna aliyemlipa ili aendelee, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai. Lakini upande wa pili nao una haki yake. Watu waliojenga nyumba zao karibu na kisima, kwa kuwa maji yalikuwapo, hawawezi kuambiwa kuwa ukavu wa kisima hauwahusu. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila methali haisemi ni nani azibe ufa ikiwa mwenye ukuta yu kimya na majirani si wenye ukuta. Kwa mali za kawaida swali hili huishia barazani kwa kadhi au mahakamani. Kwa programu huria, leseni yenyewe imekwisha kulijibu nusu: majirani waruhusiwa kuziba. Nusu iliyobaki, yaani wazibe namna gani wasije wakamdhulumu mwenye kazi wala kuwadanganya watumiaji, haikuandikwa katika leseni yoyote.

Njia zilizokuwapo zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kungoja. Kungoja kuna adabu, lakini adabu hiyo hulipwa na wengine, maana kila mwezi upitao huongeza idadi ya programu zisizoweza kuvuka kwenda Python 3. Ya pili ni kuandika maktaba mpya kabisa. Njia hii humvutia kila fundi kijana, kwa kuwa kujenga kwapendeza kuliko kutengeneza. Ila kazi ya miaka kumi na minne ina ndani yake maarifa mengi yasiyoonekana: aina za picha zilizoandikwa vibaya na kamera fulani, hesabu za rangi zilizosahihishwa baada ya malalamiko ya mtu mmoja wa mbali. Atupaye ya zamani hutupa na hayo pia. Njia ya tatu ni ile ambayo mafundi wa kompyuta huiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya uma, au mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili. Kwa Kiswahili yaweza kuitwa mchepuko, kama chipukizi litokalo ubavuni mwa shina la zamani. Mtu huchukua nakala ya kazi yote kama ilivyo, akaipa jina lingine, akaendelea nayo kutoka pale mwenyewe alipoishia.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2010 Jeffrey A. Clark, fundi wa Python wa Marekani, alitoa mchepuko wa PIL akauita Pillow. Neno hilo kwa Kiingereza ni mto wa kulalia kichwa, na herufi zake tatu za mwanzo ni zile zile za PIL. Alijenga juu ya kazi ya kufungasha upya ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuifanya. Katika maelezo yake Pillow ilijiita mchepuko wa kirafiki. Neno hilo la urafiki laweza kuonekana kuwa pambo tu, lakini mwenendo wa miaka iliyofuata waonyesha kuwa lilikuwa ni kanuni.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni udogo wa hatua ya mwanzo. Pillow haikuzaliwa kwa tangazo la kuishinda PIL, wala kwa orodha ya mapya ya kushangaza. Ilizaliwa ili mlango ufunguke: maktaba ile ile iweze kuingizwa kwa amri moja. Kabla ya toleo la 2.0.0 sehemu zinazoshughulikia picha zenyewe hazikuguswa ila kidogo sana. Kwa karibu miaka mitatu mrithi huyu hakufanya kazi ya mbunifu. Alifanya kazi ya bawabu. Watu wa tabia nyingine wangaliona haya kuitoa kazi ya namna hiyo kwa jina jipya. Lakini uvumilivu huo ulikuwa na faida kubwa, kwa kuwa aliyehama kutoka PIL kwenda Pillow hakuulizwa kuamini ufundi wa mgeni. Aliulizwa kuamini ufungashaji tu, na ufungashaji huonekana kwa macho: ama maktaba yaingia katika kompyuta, ama haiingii.

Jambo la pili ni jina. Maktaba ilichukuliwa ghalani kwa jina la Pillow, lakini ndani ya programu iliendelea kuitwa PIL. Mwandishi wa programu aliyeandika jina la PIL katika kazi yake hakuhitaji kulifuta. Hivyo mamilioni ya mistari iliyokwisha kuandikwa iliweza kuendelea kusimama, na jina la kazi ya Lundh likawa latamkwa kila siku na watu waliozaliwa katika ufundi huo baada ya PIL kunyamaza. Sababu ya jambo hili ilikuwa ya manufaa kuliko ya heshima, lakini manufaa na heshima yalikutana mahali pamoja.

Jambo la tatu ni utaratibu. Kazi ilifanywa hadharani katika GitHub, mahali ambapo kila badiliko huonekana, aliyelileta hujulikana, na mtu yeyote aweza kulipinga. Kila badiliko lilipimwa na mashine kabla ya kupokelewa, ili kujua kama limeharibu lililokuwa jema. Matoleo nayo yakatolewa kwa vipindi vya kawaida, hata ikawa desturi kila robo ya mwaka kuwa na toleo lake. Hakuna hata moja katika hayo lililohitaji akili ya ajabu. Yote yalihitaji kurudi kazini leo, na kesho, na kesho kutwa.

Haifai kusemwa kuwa mchepuko huo haukuwa na gharama. Pillow na PIL hazikuweza kukaa pamoja katika mazingira mamoja ya kompyuta. Aliyeitaka moja alipaswa kuiondoa nyingine. Tena PIL ya zamani iliruhusu sehemu zake ziitwe moja kwa moja bila ya kutaja jina la maktaba, na Pillow iliikataza desturi hiyo tangu toleo lake la kwanza, kwa hiyo programu zilizoifuata zilivunjika mpaka zilipotengenezwa. Kila mchepuko hugawa watu, angalau kwa muda. Maswali huulizwa mahali pawili, viraka hupelekwa mahali pawili, na mwanafunzi mgeni hasimami mbele ya njia moja bali mbele ya njia panda. Ndiyo maana katika desturi ya programu huria mchepuko haukusifiwa wala kupendwa kwa wepesi, ijapokuwa leseni yauruhusu. Haki iliyopo si lazima itumiwe kila siku.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2013 Pillow ilitoa toleo la 2.0.0, nalo lilileta uwezo wa kufanya kazi katika Python 3 pamoja na masahihisho mengi ya watu wengi. Hapo ahadi iliyotolewa katika ukurasa wa PIL ilitimizwa, ila si kwa mkono wa aliyeiahidi. Kuanzia wakati huo mizani iliinama. Django, mfumo mkubwa wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ulitangaza katika toleo lake la 1.6 la mwaka huo huo kwamba Pillow ndiyo ipendelewayo, na kwamba PIL ingeachwa baadaye. Wafungashaji wa mifumo ya Linux, kama wale wa Debian, nao waliiweka Pillow mahali pa PIL. Watunzaji wa Pillow walikuwa wameandika katika maelezo yao kwamba uwezekano wa toleo jipya la PIL ulipungua kwa kadiri muda ulivyopita, lakini kwamba hapakuwa na tangazo rasmi la kufa kwake. Hawakujitwalia wao haki ya kuitangaza maiti.

Historia ya michepuko mingine yaonyesha kuwa mwisho wake si wa namna moja. Mwaka wa 1997 mafundi waliochoshwa na mwendo wa polepole wa GCC, programu ya kutafsiri lugha za kompyuta, walianzisha mchepuko wa EGCS. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1999 mchepuko huo ukafanywa kuwa ndio GCC rasmi, na shina na chipukizi vikawa kitu kimoja. Mwaka wa 2004 kampuni na mafundi wengi walikataa badiliko la leseni ya XFree86, iliyochora madirisha katika kompyuta za Linux, wakahamia X.Org; shina likakauka na chipukizi likawa mti. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2014 wafanyakazi wa Node.js waliogombana juu ya uongozi walitoka na io.js, na mwaka wa 2015 pande mbili zikapatana zikarudi nyumba moja. Katika mifano hii yote mwenye kazi alikuwapo, akisema na kusemwa. Mchepuko ulikuwa ni hoja katika ugomvi. Habari ya PIL ni ya namna nyingine. Hapakuwa na mgomvi. Palikuwa na kimya, na ni vigumu kushindana na kimya kwa haki, maana kimya hakijitetei.

Mtu aweza kuuliza: je, isingekuwa bora Lundh amkabidhi mwingine funguo, kazi iendelee kwa jina lile lile bila ya kumsumbua mtumiaji hata mmoja? Kwa mtazamo wa kwanza jibu ni ndiyo. Lakini miaka iliyofuata imefundisha kuwa ufunguo uhamao kimya kimya una hatari yake. Mwaka wa 2018 mtunzaji wa maktaba ndogo ya JavaScript iitwayo event-stream, ambaye hakuwa tena na haja nayo, alimkabidhi mgeni aliyejitolea kuitunza. Mgeni huyo aliingiza ndani yake maandishi ya hila yaliyokusudia kuiba sarafu za bitcoin katika programu ya Copay, na watumiaji waliipokea hila hiyo kama toleo la kawaida la kitu walichokiamini. Mwezi wa Machi mwaka wa 2024 iligunduliwa kuwa xz, programu ya kubana faili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejipatia imani ya mtunzaji aliyechoka. Aliyeligundua ni Andres Freund, fundi wa Microsoft, naye alianza kushuku kwa sababu mashine yake ilichelewa kwa nusu sekunde katika jambo ambalo halikustahili kuchelewa.

Mifano hii miwili yaangaza thamani ya mchepuko ambayo haikuonekana wazi mwaka wa 2010. Ufunguo ukihama, imani huhama nao bila ya mwenye kuamini kuulizwa. Mchepuko hauwezi kufanya hivyo. Jina lake ni jipya, kwa hiyo huanza bila ya imani yoyote ila ile itakayojichumia yenyewe. Kila mtumiaji lazima aamue mwenyewe: nibaki au nihame? Clark hakuchukua chochote kilichokuwa mkononi mwa Lundh. Jina la PIL katika ghala lilibaki la PIL, ukurasa wake ulibaki wake, na kama mwenyewe angalirudi siku yoyote na toleo jipya, asingalikuta mlango wake umefungwa na mtu mwingine. Kwa njia hiyo tendo lililoonekana kuwa la kiburi, yaani kuichukua kazi ya mtu bila ya kuteuliwa, lilikuwa katika hakika yake ni urithi wa unyofu kuliko urithi wa funguo. Kimya cha mwenye kazi hakikuhesabiwa kuwa ruhusa ya kuingia nyumbani mwake. Kilihesabiwa kuwa sababu ya kujenga jirani, kwa vifaa ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuvitoa.

Na aliyejenga jirani alikuta kuwa kujenga ndiko kwepesi. Maktaba ya picha hupokea faili kutoka kwa watu isiowajua, na faili iliyopotoshwa makusudi yaweza kuiangusha programu au kumfungulia mwizi. Kwa hiyo kazi kubwa ya watunzaji wa Pillow kwa miaka mingi imekuwa ni kutafuta nyufa za namna hiyo na kuziziba, zikiwamo zilizorithiwa kutoka katika maandishi ya zamani. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2023 ufa wa hatari ulipogunduliwa katika libwebp, maktaba nyingine ambayo Pillow huitumia kusoma picha za WebP, toleo la Pillow lenye dawa lilitoka mwezi huo huo. Ni rahisi kuona tofauti: PIL ya mwaka wa 2009 iliyoachwa katika mashine fulani haina mtu wa kuipelekea dawa. Vivyo hivyo mwezi wa Januari mwaka wa 2020, Python 2 ilipofikia mwisho wa kutunzwa, Pillow 7.0.0 iliiacha siku iliyofuata. Mchepuko uliozaliwa kwa sababu mtangulizi wake hakuvuka kwenda Python 3 ukawa sasa wafunga nyuma yake mlango wa ng'ambo ya zamani.

Fredrik Lundh alifariki mwezi wa Novemba mwaka wa 2021. Tarehe 2 Januari, 2022 ilitolewa Pillow 9.0.0, na watunzaji wake walilitoa toleo hilo kwa kumbukumbu yake, wakamtaja kuwa ndiye aliyeiumba PIL mwaka wa 1995 na kuwa alikuwa na mkono mkubwa katika mafanikio ya mwanzo ya Python. Toleo hilo, kama yote yaliyolitangulia, lilikuwa na masahihisho yake ya kawaida, na baadhi yake yalikuwa ya kuziba nyufa za usalama. Kumbukumbu na viraka viliwekwa katika ukurasa mmoja, na haielekei kuwa kuna heshima iliyomfaa fundi kuliko hiyo.

Kwa watu wa taaluma habari hii ina maana inayopita mipaka ya kompyuta. Kazi nyingi za elimu husimama juu ya mtu mmoja: kamusi moja, orodha moja ya miswada, mkusanyo mmoja wa masimulizi. Wakati mtu huyo angali na nguvu, hakuna auonaye upweke wa kazi yake. Anaponyamaza, wengine hungoja kwa adabu mpaka kazi ikafa, na wengine hunyakua wakafuta jina lake. PIL na Pillow zimeonyesha kuwa ipo njia kati ya hizo mbili. Masharti yake ni machache: mwenye kazi aandike ruhusa yake mapema, angali na nguvu, mrithi aanze kwa ufa ulio mbele yake asianze kwa ndoto zake, afanye kazi mahali pa wazi, na aichume imani siku kwa siku, asijidai kuwa ameikuta imewekwa.

Leseni ya Pillow yaweza kusomwa na mtu yeyote. Mwanzoni mwake limetajwa jina la Secret Labs AB, kisha la Fredrik Lundh na waliomsaidia. Baada ya hapo ndipo laja la Clark na waliomsaidia yeye. Leseni iliagiza taarifa ya kwanza isiondolewe, nayo haikuondolewa.